Alama ya Mpira, Kiwanja cha Tatu

Jumatatu, 12 Machi

Mimi ndiye niliyemfundisha Ermes Tavoni tenisi. Yule yule aliyefika nafasi ya tisini na moja duniani, aliyecheza Roma uwanja umejaa, ambaye picha yake inaning'inia baa juu ya mashine ya kahawa. Yote aliyoyajua yalitoka kwangu.

Haya, si kweli. Sijawahi kushika raketi ila kuulia nyigu. Nilichomfundisha ni kuburuta wavu wa kusawazishia juu ya udongo baada ya mchezo, kuanzia pembeni ukizunguka kuingia katikati kama konokono. Alikuwa na miaka tisa, na hata hilo alilifanya ovyo. Lakini mstari wa kwanza wa daftari usipokuwa na nguvu, nani atasoma?

Atasoma Bi Vanda, katibu wetu, maana daftari ni lake. Kanikabidhi leo asubuhi. "Mzee Learco, msimu huu andika kila siku umefanya nini viwanjani. Rais wa klabu anataka kumbukumbu."

Nikamwambia niliishia darasa la tano.

"Rais mwenyewe alifika la sita, na anaongoza klabu," akasema.

Mwanamke huyu ana ulimi. Basi Vanda, utakachokikuta humu umekitaka mwenyewe.

Leo: tumekwangua udongo uliokufa kwa baridi kwenye viwanja vyote vinne, tukamwaga magunia thelathini ya matofali yaliyosagwa. Mgongo umeniuliza nina miaka mingapi. Nimeudanganya nao.

Jumatano, 14 Machi

Mvua. Sikufanya kitu. Nimekifanya vizuri.

Jumanne, 27 Machi

Nimeshindilia kiwanja cha kwanza na cha pili. Cha tatu bado kina nundu karibu na wavu. Kila mwaka nakisawazisha, kila mwaka kinainuka palepale. Kuna udongo usiokubali kulala.

Jumanne, 3 Aprili

Ermes Tavoni amerudi mjini. Si kwa matembezi, amerudi kwa dada yake Argia, juu ya duka la dawa, na chumba kile ndimo atakamotolewa miguu mbele, ndani ya jeneza. Mapafu yanamgeuka jiwe. Argia kaniambia sokoni huku akichagua vitunguu, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei. Hana machozi, aliyamaliza kwa mumewe.

Nimekwenda kumwona. Nilitarajia mzee, nimekuta raketi iliyokatika nyuzi. Miaka sitini na mmoja! Mimi nina sabini na saba na bado naburuta wavu.

"Mzee Learco, bado hujafa tu?" akaniambia.

"Nakungoja wewe unionyeshe inavyofanywa."

Akacheka, kikamshika kikohozi, Argia akaja kunitolea macho. Nikaketi kimya kama mtoto aliyevunja sahani.

Tumezungumza juu ya maisha yake. Miaka tisa ya ndege na hoteli. Roma, raundi ya tatu. Timu ya taifa, alikokaa benchi na koti lake limefungwa zipu hadi kidevuni, hawakumwita hata siku moja. Kisha kiwiko. Kisha duka la raketi lililofungwa, kisha kufundisha watoto wa matajiri kwenye hoteli ya Sardinia, kisha mke akaondoka na mbwa. "Mbwa ndiye aliyeniuma," akasema.

Nilipoinuka kutoka akaniuliza, "Dario bado anacheza?"

Nikasema ndiyo, kila Jumanne. Nikashuka ngazi haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Jumanne, 17 Aprili

Jua. Nimemwagilia mara mbili.

Rais hamjui Dario Sgarbi vizuri, basi namweleza kwa ajili ya kumbukumbu. Dario ana miaka sitini na mitatu, magoti ya chuma, na mkono wa kushoto unaokata mpira kama anamenya tufaha. Miaka thelathini na mitano alikaa mbele ya tanuri la kiwanda cha vigae. Hapa klabu hakuna anayemwita Dario. Jina lake ni Ndani.

Sababu yake kila mtu anaijua. Fainali ya mashindano ya mji, Septemba 1979, Dario dhidi ya Ermes, kiwanja cha tatu. Dario alibakisha pointi moja tu ashinde. Akapiga mpira konani. Mwamuzi wa mstari akaita nje. Ermes akapumua, akageuza mchezo, akachukua seti na kombe. Chini ya mwavuli alikuwa ameketi kocha mmoja kutoka Milano, aliyekuja kuchagua kijana mmoja. Alimchukua mshindi. Dario Jumatatu yake akaingia kiwandani.

Tangu siku hiyo anasema mpira ulikuwa ndani. Na sisi tangu siku hiyo tunamtania. Leo wakati wa karata za briskola mtu kamwaga mvinyo mezani, povu jekundu likakimbia hadi ukingoni. Nikaita, "We Ndani! Hebu amua, umetoka au haujatoka?"

Baa nzima kicheko.

"Ndani," akasema Dario bila kuinua macho kwenye karata zake. "Na wewe mzee, cheza, usikojoe mezani."

Mwamuzi wa mstari siku ile alikuwa mimi.

Jumatano, 2 Mei

Vanda, ukurasa huu ukitaka uchane. Ila usome kwanza.

Ermes aliniita. Argia alitoka kwenda kanisani, nadhani alimtuma makusudi. Mtungi wa oksijeni ulikuwa unapumua kando ya kitanda kama mnyama.

"Mzee, nina swali moja, na huna ruhusa ya mzaha. Mpira wa Dario."

"Upi?"

"Nimesema bila mzaha."

Nikatazama dirishani. Kule nje palikuwa na duka la nyama. Nikaanza kuhesabu soseji.

"Niliuona," akasema. "Nilikuwa hatua mbili tu. Uligusa mstari. Nikakuona unakwenda kumwonyesha mwamuzi mkuu alama iliyoachwa na mpira udongoni, nikakuona unaikanyaga, unageuza kisigino, halafu unaonyesha alama nyingine, shubiri moja nje. Alama ya mpira wa mchezo uliopita. Niliona yote."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kocha wa Milano chini ya mwavuli. Mchezaji wa udongo mwenye adabu anakwenda mwenyewe, anaonyesha alama, anatoa pointi. Baba alinifundisha hivyo. Mimi nilitazama nyuzi za raketi yangu. Kila nilipopoteza baadaye, Roma, Barselona, kokote, niliona kisigino chako kinageuka. Sasa nijibu nami. Kwa nini ulifanya?"

Ningependa kuandika kwamba nilimpenda kama mwanangu. Angeamini. Nilimwambia ukweli kwa sababu nilichoka ghafla.

Asubuhi ya fainali niliamka saa kumi na moja. Nikamwagilia kiwanja cha tatu, nikakisawazisha kikawa kama shavu la mtoto. Ukimwagilia udongo unauacha unywe, hakuna anayekanyaga, hata askofu. Akaja Dario kufuata mpira wake, akakata katikati ya kiwanja na viatu vyake, akaacha mashimo sita. Nikapiga kelele. Akanigeukia akicheka: "Utayaziba, si ndiyo kazi yako?"

Mashimo sita. Ndiyo sababu yote. Mpira ulipodondoka nilikwisha kuita nje kabla haujadunda.

Nilidhani Ermes atanitukana. Akasema, "Mashimo sita," kama mtu anayeonja chakula kisicho na chumvi.

Kisha akanipa kazi. Anataka kumwambia Dario mwenyewe, uso kwa uso, pale kiwanja cha tatu. Nimlete Dario, nami niwepo.

"Kwani huwezi kumpigia simu?"

"Nikisema peke yangu, atadhani ni dawa zinazosema, au ni mgonjwa anayegawa sadaka. Kiatu kilikuwa chako, mzee. Kinywa na kiatu vije pamoja."

Nikasema ndiyo. Nikaahidi Jumanne.

Jumanne, 8 Mei

Dario alikuja. Sikusema. Nimemwambia Ermes kwamba Dario anaumwa goti.

Jumanne, 15 Mei

Dario alikuja, akaruka wavu kwa magoti yake ya chuma ili kunionyesha. Nimemwambia Ermes goti bado.

Jumanne, 29 Mei

Mvua ya mawe. Nilifurahi kama mjinga. Nimeziba matundu hadi jioni.

Jumatatu, 18 Juni

Joto. Mbu wa mto wamekuja mapema mwaka huu, na hawabagui mwenye tabia mbaya.

Nadhani ni lazima nieleze ninaogopa nini. Nyumba ninayolala, ile ya matofali nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, ni ya klabu. Miaka hamsini naishi humo. Lakini nikiwa mkweli si hiyo. Rais hawezi kumfukuza mzee wa miaka sabini na saba, magazeti yatamla. Ninachoogopa ni Jumanne. Nikimwambia Dario, kila Jumanne nitakayobakiwa nayo baa itanyamaza nikiingia. Mtu kama mimi, asiye na mke wala shule, ana kitu kimoja tu mjini: watu hucheka akifungua mdomo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka thelathini na tisa na bado natembea.

Jumanne, 3 Julai

Nilikuwa namtazama Dario vibaya maisha yangu yote, leo nimemtazama vizuri. Alipomaliza mchezo wa wawili wawili aliburuta wavu mwenyewe, kutoka pembeni kwenda katikati, konokono kamili, kisha akafagia mistari kwa ufagio. Wachezaji wengine watatu walikuwa tayari baa. Nikakumbuka kwamba hufanya hivyo kila wiki. Tangu lini? Nimemuuliza.

"Tangu siku ile nilipokuharibia kiwanja. Nilikuwa mpumbavu wa kijana. Hukumbuki, mzee? Uling'aka kama jogoo."

"Sikumbuki," nikasema.

Jumamosi, 21 Julai

Ermes hawezi tena kula tambi za tortelini. Argia anampa supu yake tu. Ermes aliniuliza kwa macho habari ya Dario. Nikasema, "Karibuni."

"Mzee, mimi karibuni sina nyingi."

Jumanne, 14 Agosti

Leo nimefanya jambo ambalo mbele yake kukanyaga alama kulikuwa mchezo.

Wiki iliyopita nilimwambia Ermes, "Njoo Jumanne tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Dario atakuwepo." Nami nilijua, kama kila mtu hapa ajuavyo, kwamba katikati ya Agosti mji mzima uko baharini. Wastaafu wa kiwanda cha vigae huenda Rimini pamoja, hoteli ile ile, mwavuli ule ule, tangu nilipokuwa na nywele. Nilijisemea Ermes atakuja, hatamkuta, tutakuwa tumejaribu. Mtu anaweza kujisemea lolote akiwa peke yake na mpira wa kumwagilia mkononi.

Argia alimleta kwa kiti cha magurudumu, mtungi mapajani. Alikuwa amevaa fulana nyeupe ya kuchezea, ya zamani, ikining'inia kama bendera isiyo na upepo. Nikamweka kiwanja cha tatu, konani, chini ya mwavuli. Argia akaenda dukani.

Tukakaa. Hakuna gari, hakuna mtu, hata baa imefungwa. Nyenje tu wanasaga miti. Aliutazama mstari ule, pale mpira ulipodunda. Saa nne na nusu. Saa tano. Alikuwa amenyoa, na amejikata kidevuni.

Saa sita kasoro akasema, "Yuko Rimini, sivyo?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Ungekuwa mchezaji mzuri, mzee. Unajua kupoteza muda."

Nikapiga magoti pale kwenye udongo, nikamwambia nisamehe, Jumanne ijayo, naapa, nitakwenda mwenyewe Rimini kwa treni. Akaweka mkono kichwani pangu. Haukuwa na uzito wowote. Pumzi ilikuwa inamtosha maneno manne, anangoja, maneno manne mengine. Akasema kule baa kuna ubao wa washindi, wa mbao, wenye majina ya dhahabu. Mwaka 1979 pameandikwa Tavoni E. "Nisipofika, paandikwe Sgarbi D. Wewe umwambie. Wewe, si Argia, si padri."

"Utafika."

"Acha kuita mpira kabla haujadunda," akasema.

Jumatatu, 20 Agosti

Dario harudi hadi mwisho wa mwezi. Ameongeza wiki, mjukuu kajifunza kuogelea. Kwa treni hadi Rimini ni mwendo wa saa mbili tu. Nilifika kituoni. Nikakaa kwenye benchi. Zikapita tatu.

Alhamisi, 30 Agosti

Ermes amefariki asubuhi, saa mbili na robo. Nimemwagilia viwanja vyote vinne. Sijui kwa nini vyote.

Jumamosi, 1 Septemba

Mazishi. Kanisa limejaa, hata waliokuwa wakisema duka lake lilikufa kwa uvivu. Raketi ya mbao juu ya jeneza. Rais amezungumza dakika ishirini juu ya rais.

Kisha padri akauliza kama kuna rafiki anayetaka kusema neno. Akainuka Dario. Rangi ya bahari usoni, tai imembana shingo. Nikasikia nyuma yangu mtu ananong'ona, "Huyo Ndani, hata leo!" na mwingine anazuia kicheko.

Dario akashika kipaza sauti kama mtu anayeshika samaki. "Mnanijua. Miaka thelathini na tisa nawachosha na mpira mmoja. Nimefikiri sana huko Rimini nilipopata habari. Ermes alikuwa bora kuliko mimi. Mtu akienda zake haifai aondoke na shaka mgongoni." Akageukia jeneza. "Ermes, ulikuwa nje. Nasema mbele ya wote. Ulikuwa nje."

Hakuna aliyecheka. Argia alilia, ndiyo mara ya kwanza mwaka huu. Nami nilikuwa safu ya tatu, na kofia yangu mikononi, na kinywa changu, ambacho hakijawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe, kilikuwa kimejaa udongo.

Jumanne, 4 Septemba

Sikusema.

Jumanne, 11 Septemba

Dario hakuitwa Ndani hata mara moja. Watu wanamwita Dario na kumnunulia kahawa. Anaonekana kama mtu aliyevuliwa koti wakati wa baridi.

Jumanne, 18 Septemba

Nimesema.

Nilimngoja amalize kufagia mistari. Nilikuwa nimekwisha kumwagilia nusu ya mbali ya kiwanja, maana mchezo wake ulikuwa wa mwisho. Nikamwambia, "Dario, ulikuwa ndani."

"Ee mzee, tumeyamaliza hayo kanisani."

"Ulikuwa ndani. Niliikanyaga alama yake. Nikaonyesha alama nyingine. Ermes aliona. Alitaka kukuambia yeye mwenyewe tangu Mei, na mimi nilikuwa namdanganya kwamba unaumwa goti."

Akasimama na ufagio. Nilidhani atanipiga nao, na nilishausogeza uso kidogo ili afikie vizuri.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamwambia mashimo sita.

Aliegemea ufagio. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini: "Unajua mbele ya tanuri nilikuwa nauona mpira ule? Kila siku. Miaka ya kwanza nauona ndani. Halafu ninyi mkacheka, mkacheka, nikaanza kuuona nje. Nikamwambia binti yangu, baba yako alikuwa anaota. Nikaenda kanisani nikasema uongo mbele ya maiti, nikidhani hatimaye nasema kweli." Akameza mate. "Na aliyeanza kuniita Ndani ni nani, mzee?"

"Mimi."

"Nionyeshe."

Nikainama, goti moja kisha la pili. Nikaweka kidole pale, kwenye ukingo wa mstari, nikachora alama ndogo ya yai kama mpira unavyoacha. Nusu juu ya mstari. Aliitazama. Hakuna aliyewahi kutazama kitu hivyo, hata mimi mama yangu alipokuwa anafunikwa.

Kisha akaniwekea ufagio mkononi, taratibu, akaondoka. Hakupita njia ya pembeni. Alikata katikati ya nusu iliyolowa, na viatu vyake, hadi kwenye geti. Hakugeuka, hakucheka.

Nimehesabu mashimo. Kumi na manne.

Jumanne, 25 Septemba

Dario hakuja.

Jumanne, 2 Oktoba

Hakuja. Walikuwa watatu, wakakosa wa nne, wakaenda nyumbani. Baa wanauliza. Nimewaambia sababu, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa meza. Ilikuwa kama nilivyoogopa. Nikiingia, vikombe vinasikika.

Jumanne, 9 Oktoba

Mwisho wa msimu. Kesho tunafunika kwa plastiki. Nimesawazisha cha kwanza, cha pili na cha nne. Cha tatu sijagusa, na rais akitaka kujua kwa nini kina mashimo kumi na manne, ukurasa anao.

Sasa Vanda, umefika hapa, kwa hiyo umeshanichukia, na hiyo ni haki yako. Lakini una deni langu moja dogo. Mwaka ule wa theluji nyingi nilipanda kwenye paa la kanisa kumshusha paka wako, akanirarua sikio, nawe ukasema, "Mzee Learco, chochote utakachotaka." Sikutaka kitu mpaka leo. Ngazi imeegemea ukutani baa, mimi siwezi tena kuipanda, nimejaribu asubuhi nikafika kipandio cha tatu. Rangi ya dhahabu na brashi ndogo viko droo ya chini, chini ya bili za maji. Mwandiko wako ni mzuri, wangu ni wa kuku. Mstari wa 1979. Panda ufute Tavoni E., uandike Sgarbi D. Ukimaliza usiniite nije kuona. Mpigie Dario simu.